Kaa hana kosa: kweli na uongo kuhusu mikwaruzo ya boti za faiba

Boti za faiba zimeenea katika mwambao wetu, kuanzia Kiunga hadi Msimbati. Ziko zilizonunuliwa na wenyewe kwa akiba ya miaka, ziko za vikundi, na ziko zile ambazo serikali ya Tanzania imekuwa ikiwakopesha wavuvi na wakulima wa mwani. Nyingi huenda baharini na nyavu na mishipi. Nyingine huingia kwenye mahori ya mikoko kutega kaa, na kazi hiyo ina namna yake ya kuichosha boti: madema yenye mawe, mitego ya nondo, tope, mchanga, na mizizi iliyovaa chaza wenye makali.

Mtegaji anaporudi dikoni na kuona ubavu wa boti umejaa mitai, hakosi wa kumshauri. Huyu anamwambia apake nta, yule amwambie atandike gunia, wa tatu amwambie aache tu, boti ni ya kazi. Baadhi ya maneno hayo yana ukweli, baadhi hayana, na mengine yana nusu tu. Boti ni mtaji, na mara nyingi ni mtaji ambao deni lake bado linalipwa. Basi inafaa tuyapime maneno hayo moja baada ya jingine.

Kwanza tujue kinachokwaruzwa ni nini. Boti ya faiba huundwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa rezini. Fundi huanza na tabaka la nje: hupaka ndani ya kalibu ganda la rezini lenye rangi, ambalo mafundi huliita jelikoti, kisha ndipo anapolaza nyuzi juu yake, tabaka kwa tabaka. Boti ikitolewa kwenye kalibu, ganda lile ndilo linalong'aa nje. Unene wake ni karibu nusu milimita. Kazi yake si urembo peke yake. Ndilo linalozikinga nyuzi na jua na maji, na ndilo ambalo kila mkwaruzo hulila kidogo kidogo.

1. "Kaa ndiye anayeikwaruza boti kwa magando yake."

SI KWELI.

Kaa wa mikoko ana nguvu, hilo halina ubishi. Dume kubwa huzidi kilo 2, na gando lake huponda magamba ya konokono na chaza. Kidole kikiingia humo, mwenye kidole hatasahau. Lakini nguvu ya gando ni ya kubana na kuponda kitu kilichoingia katikati yake. Sakafu ya boti au ubavu ulionyooka haumpi kaa mahali pa kushika. Akitambaa juu ya faiba huacha tope, na tope huoshwa.

Mkosaji halisi ni mchanga. Wataalamu wa madini hupima ugumu kwa kipimo cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10. Kwatzi, ambayo ndiyo chembe ya kawaida ya mchanga, ina ugumu wa 7. Kioo cha dirisha kiko karibu 5.5. Rezini ya jelikoti ni laini kuliko kioo. Kwa hiyo chembe moja ya mchanga, ikikandamizwa na dema zito na kusukumwa hatua moja, inachora mstari juu ya jelikoti bila shida. Mstari mmoja hauonekani sana. Mtu akipandisha na kushusha madema kila siku mahali pale pale, baada ya msimu mmoja ukingo wa boti unakuwa umefubaa na kuchimbika.

Kaa anapaswa kufungwa magando mapema, naam, lakini kwa sababu nyingine: vidole vyako, na bei yake. Kaa wakiachwa huru katika ndoo moja hupigana na kuvunjana, na kaa aliyekatika gando hauzwi kwa bei ya kaa mzima.

2. "Kila mkwaruzo ni tundu. Maji yataingia na boti itaoza."

KWELI NUSU.

Inategemea kina. Kuna vipimo viwili ambavyo havihitaji chombo chochote. Cha kwanza, pitisha ukucha kuvuka mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, umechubuka uso wa jelikoti tu. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani. Cha pili, lowesha mahali hapo kwa maji. Mstari ukitoweka ungali umelowa, huo utaondoka kwa msasa laini na polishi. Ukibaki kuonekana vile vile, unahitaji kujazwa.

Mkwaruzo ambao haujavuka jelikoti hauingizi maji ndani ya boti. Hofu ianze pale unapoona nyuzi za kioo. Nyuzi hizo zikiwa wazi, maji hufuata njia yake kandokando ya kila uzi na kusambaa ndani ya tabaka mbali na pale jeraha lilipo. Boti nyingi zina mbao za plaiwudi zilizofichwa ndani ya faiba, hasa pale tezini panapofungwa mashine. Maji yakifika kwenye mbao hizo zinaoza kimyakimya, na mwenye boti hugundua siku mashine inapoanza kuchezacheza.

Wapo wanaoilaumu mikwaruzo kwa malengelenge. Malengelenge yale yanayotokea chini ya mstari wa maji, ambayo yakitobolewa hutoa majimaji yenye harufu ya siki, kwa kawaida yana asili nyingine. Jelikoti yenyewe haizuii maji moja kwa moja. Boti ikikaa majini miezi mfululizo, maji hupenya polepole sana, hukutana na kemikali ambazo hazikuungana sawasawa wakati wa kuundwa, na kutengeneza umajimaji wenye asidi unaovuta maji zaidi. Ganda huvimba. Boti inayopandishwa nchi kavu mara kwa mara ikakauka haipatwi na hali hiyo kwa urahisi, hata ikiwa ina mitai tele.

3. "Boti ya mbao haina shida ya mikwaruzo. Faiba ndiyo dhaifu."

SI KWELI.

Wazee wa pwani hawakupaka vyombo vyao deheni kwa kupenda kazi. Deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ilipakwa sehemu ya chini ya chombo, na sifa, yale mafuta ya papa, ilipakwa mbao za juu. Chombo kilipandishwa maji yakiwa yamekupwa, chini yake kikababuliwa kwa moto wa makuti, kisha kikapakwa upya. Sababu kubwa ilikuwa kiumbe anayetoboa mbao baharini. Umbo lake ni la mnyoo, lakini kwa kweli ni jamaa ya chaza, na kichwani ana magamba mawili madogo anayoyatumia kuchimbia. Huingia akiwa mdogo mno, kupitia mbao isiyokuwa na kinga, kisha hukua humo ndani. Nje huonekana kitundu cha sindano, ndani ubao umekwisha.

Kwa hiyo dema linalokwangua deheni au rangi chini ya mstari wa maji linamfungulia mlango kiumbe huyo. Faiba haiwezi kuliwa naye. Kila aina ya chombo ina ganda lake la kinga, na kila ganda linachubuka. Tofauti ni kwamba deheni ilijulikana tangu mwanzo kuwa ni ya kupakwa tena na tena, ilhali mwenye boti ya faiba huambiwa mara nyingi kuwa amenunua kitu kisichohitaji matunzo. Hilo la mwisho ndio uongo mkubwa kuliko wote katika orodha hii.

4. "Mchanga wa ufukweni ni laini. Kuiburura boti juu yake hakuidhuru."

SI KWELI.

Mguu unauona mchanga kuwa laini kwa sababu chembe zake zinapishana chini ya unyayo. Boti yenye mamia ya kilo haizipishi, inazikandamiza. Kila unapoiburura, mkuku unasagwa juu ya msasa wenye upana wa ufukwe mzima. Ukitaka kuhakikisha, lala chini uangalie mkuku wa boti inayoburutwa kila siku: pale omoni, inapogusa nchi kwanza, jelikoti imekwisha na nyuzi zimeanza kutokeza.

Dawa ni kuiviringisha. Magogo ya mnazi yaliyochongwa yakawa laini yanafaa, na mabomba manene ya plastiki yanafaa pia. Kama watu hawatoshi kuibeba, subirini maji yajae yaisogeze boti yenyewe badala ya kuivuta kwa nguvu maji yakiwa yamekupwa. Tena mkuku unaweza kuvishwa utepe wa kulika: kipande kirefu cha plastiki ngumu au cha shaba kinachofungwa chini yake, kikiisha kinabadilishwa. Kila tundu la skrubu lijazwe gundi ya baharini, la sivyo utakuwa umetoboa njia ya maji kwa mkono wako mwenyewe.

Ndani ya hori hatari ni nyingine. Ukiiacha boti wakati wa kupwa, itakaa juu ya chochote kilichoko chini yake. Magamba ya chaza wa mikoko yana makali ya kukata kiatu. Boti ikiyalalia, kisha ikatikiswa na wimbi la maji yanapojaa, huchimbwa hadi kwenye nyuzi kwa saa moja tu. Tia nanga katikati ya hori penye tope tupu, na ujue saa za maji kabla hujashuka kwenda kuangalia mitego.

5. "Dema la fito halikwaruzi. Ni mitego ya chuma tu."

KWELI NUSU.

Fito na mianzi zenyewe ni rafiki wa boti. Lakini dema halizami bila uzito, na uzito wenyewe ni mawe, mara nyingi mawe ya matumbawe yenye ncha. Siku hizi madema mengi hufungwa kwa waya badala ya kamba ya ukindu, na ncha ya waya iliyogeuzwa nje huchora kila inapopita. Dema la fito lenye mawe nje na waya uliotokeza laweza kuharibu kuliko mtego wa nondo uliofunikwa vizuri.

Rekebisha mtego wenyewe kabla ya kuhangaika na boti. Mawe yafunge ndani ya dema, au yavishe mpira wa tyubu ya baiskeli. Ncha zote za waya zikunje zielekee ndani. Fremu ya nondo ivishe bomba la mpira la kumwagilia bustani, lililopasuliwa urefu mzima na kufungwa kwa kamba kila baada ya shubiri. Kwa mitego ya waya uliopakwa plastiki kiwandani, kagua pembe. Plastiki huanza kulika kwenye pembe, na pembe ndiyo inayogusa boti. Ikishaondoka, chuma hukwaruza na kutu hubaki kuwa doa.

Kazi hii hufanywa nchi kavu, wakati wa upepo mkali au siku ya mapumziko, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na siku moja ya fundi wa faiba.

6. "Ukitandika gunia au zulia ukingoni, umemaliza kazi."

KWELI NUSU.

Gunia hupunguza kishindo dema linapotua. Lakini kitambaa chochote chenye manyoya au nyuzi hushika mchanga na hakiuachi. Baada ya madema matano unakuwa unaisugua boti kwa mchanga uliofungwa kwenye nguo, na kadiri dema linavyokuwa zito ndivyo unavyozidi kusugua. Zulia lililogandishwa kwa gundi moja kwa moja ni baya zaidi, kwa sababu hukaa limelowa chumvi siku zote na hujui kinachoendelea chini yake.

Kinachofaa ni kitu kigumu kidogo, chenye uso mwororo usionasa mchanga, na kinachoondoka. Plastiki iliyokatwa kutoka kwenye pipa la maji, ikapindwa kufuata umbo la ukingo na kufungwa kwa kamba ncha zote mbili, hufanya kazi nzuri sana. Chagua pipa lililokuwa na maji au chakula, si lililokuwa na sumu. Sakafuni tandika mkeka wa mpira. Vyote viwili vimwagiwe maji kila baada ya mtego, juu na chini. Jioni vitolewe, vioshwe, vikaushwe.

Matairi ya gari yanayoning'inizwa ubavuni yana hukumu hiyo hiyo. Yanazuia kishindo boti zinapogongana dikoni, lakini huacha weusi, hubeba mchanga ndani yake, na tairi lililolika hutokeza nyaya za chuma. Likague, litoboe lisituamishe maji, na ukiona waya umetokeza, litupe.

7. "Mikwaruzo haizuiliki kwa namna unavyopandisha mtego. Nguvu ndiyo inayotakiwa."

SI KWELI, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko nta na mipira yote.

Mtegaji mwenye haraka hushika kamba akiwa mbali, akaivuta kwa mshazari, dema likajigonga ubavuni, likakwaruza hadi juu, likaangushwa sakafuni na kuburutwa pembeni. Katika tendo hilo moja boti imeumizwa mara tatu: ubavuni, ukingoni na sakafuni. Mwenye utaratibu hufanya hivi:

Hulikaribia boya la mtego dhidi ya mkondo wa maji, ili boti isimame yenyewe juu ya mtego na kamba iwe wima. Kamba wima huliweka dema mbali na ubavu.

Hupitisha kamba juu ya roda ndogo au juu ya ile plastiki ya ukingo. Kamba iliyojaa mchanga, ikivutwa mahali pamoja kila siku, huchimba mfereji kwenye ukingo hata bila dema.

Dema likifika uso wa maji, huliacha hapo kidogo. Hulichovya na kulitikisa mara mbili au tatu hadi tope na mchanga vitoke. Hatua hii haichukui hata nusu dakika, na ndiyo inayomwondoa yule mkosaji tuliyemtaja mwanzo.

Hulinyanyua dema kwa mikono miwili, au kwa watu wawili, likavuka ukingo bila kuugusa, kisha hulitua juu ya mkeka. Akitaka kulisogeza hulinyanyua tena. Haliburuti.

Mwisho humwaga ndoo ya maji ukingoni na sakafuni kabla ya kwenda kwenye mtego unaofuata, na maji yanayojaa ngamani huyafua pamoja na mchanga wake.

Jambo moja lisisahaulike: boti ndogo isielemewe upande mmoja. Wawili wakiinamia ukingo mmoja na dema likiwa hewani, boti inaweza kupinduka. Mmoja anyanyue, mwingine akae upande wa pili kuisawazisha, au wote wawili wapige magoti, nao wawe wamevaa jaketi okozi. Mkwaruzo hutengenezwa. Mtu aliyezama harudi.

8. "Paka nta, boti haitakwaruzika."

SI KWELI.

Tabaka la nta ni jembamba kiasi kwamba chembe ya mchanga hailitambui. Hakuna nta wala polishi ya chupa inayozuia chuma au jiwe.

Hata hivyo usiitupe. Adui wa pili wa jelikoti, baada ya mchanga, ni jua, na sisi tunaishi karibu na ikweta. Mionzi ya jua huivunja rezini ya juu hadi inakuwa unga mweupe unaobaki mkononi ukiipangusa. Jelikoti iliyofikia hali hiyo imekuwa na vinyweleo, hunywa uchafu, na hukwaruzika upesi kuliko iliyo nzima. Nta huchelewesha uharibifu huo na hurahisisha kuosha tope. Paka ubavuni na sehemu zinazopigwa na jua. Usipake sakafu wala mahali pa kukanyaga, utateleza. Na nta yoyote inazidiwa na kivuli: boti iliyofunikwa makuti au turubai inapokuwa haina kazi hudumu zaidi.

9. "Tope la mikoko halitoki bila stilwaya na dawa kali ya kufulia."

SI KWELI.

Stilwaya ya masufuria hukwaruza kila inapopita, na vipande vyake vidogo hubaki vimenasa na kugeuka kutu. Dawa ya klorini inayong'arisha nguo nyeupe hufifisha jelikoti na kula vyuma. Hata kitambaa safi ni hatari ukikisugua juu ya tope lililokauka, kwa sababu ndani ya tope mna mchanga.

Mfuatano sahihi ni huu: maji kwanza, mengi, hadi tope lilainike na kuteremka lenyewe. Ndipo sifongo au burashi laini yenye sabuni ya maji isiyo kali. Kisha suuza kwa maji baridi ya kisima au ya bomba ili kuondoa chumvi. Doa la kutu hupungua kwa maji ya ndimu au siki: paka, subiri kidogo, suuza sana. Mabaki meupe ya magamba nayo hulainika kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa ni chokaa, na asidi huyeyusha chokaa.

10. "Rangi nyeusi huficha mikwaruzo."

SI KWELI. Mkwaruzo kwenye jelikoti huonekana mweupe. Juu ya buluu nzito au nyeusi utauona kutoka mbali, juu ya nyeupe hutauona hadi ukaribie. Rangi nzito pia hushika joto la jua. Unapoagiza boti ya kazi, chagua nyeupe au rangi nyepesi, na uombe fundi akuachie kopo la jelikoti ya rangi ile ile kwa marekebisho.

11. "Puti ya gari inatosha kuziba."

SI KWELI.

Puti ya kawaida ya gari imechanganywa na unga wa talki, na unga huo hunywa maji. Juu ya mlango wa gari inafaa, chini ya mstari wa maji itavimba na kubanduka, ikiwa tayari imeshahifadhi unyevu ndani ya jeraha.

Mkwaruzo uliofika kwenye nyuzi utengenezwe hivi. Osha kwa maji baridi, kausha siku kadhaa kivulini penye hewa. Piga msasa hadi ufike kwenye faiba nzima, na kingo za jeraha ziwe mteremko badala ya ukuta. Pangusa kwa asetoni. Kama nyuzi zimekatika, rudishia tabaka la faiba na rezini kwanza. Kisha jaza jelikoti. Jelikoti huhitaji hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, kulingana na maelezo ya kopo. Joto la pwani huiharakisha, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Jelikoti isiyotiwa nta hubaki ikinata juu inapoguswa na hewa, hivyo ifunike kwa karatasi ya nailoni hadi igande. Maliza kwa msasa wa maji: namba 400, 600, kisha 1000, na mwishowe polishi.

Baadhi ya mafundi husifu epoksi, na ni kweli kwamba hushika faiba kwa nguvu sana. Ina masharti mawili: jua huiharibu isipopakwa rangi juu yake, na jelikoti ya kawaida haishiki vizuri juu yake. Ukianza na epoksi, malizia kwa rangi.

Linda afya yako pia. Hadina ya jelikoti ikiingia jichoni inaweza kupofusha, basi vaa miwani. Usiichanganye kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, vikikutana vitupu huweza kulipuka. Vumbi la faiba lisivutwe, vaa barakoa, na usilimwage baharini.

12. "Boti ya kazi haikosi mikwaruzo."

KWELI.

Hakuna boti itakayoingia kwenye mikoko mwaka mzima ikatoka kama ilivyotoka kwenye kalibu. Anayeahidi hivyo anauza kitu. Lakini neno hili hutumiwa vibaya, likawa ruhusa ya kuacha kila kitu. Mitai ya juu ni alama za kazi, iache hadi msimu wa matengenezo. Nyuzi zinazoonekana ni jeraha, nalo halisubiri msimu. Mwenye boti anayejua tofauti hiyo hapotezi fedha kwa kung'arisha kila wiki, wala haamki siku moja kukuta tezi limeoza.

Kwa hiyo, ndugu mtegaji, kabla hujanunua chupa yoyote, anza na ndoo. Chovya dema kabla ya kulipandisha, osha ukingo baada ya kila mtego, nyanyua badala ya kuburuta, na kila mwisho wa wiki pitisha ukucha wako mkukuni, ukingoni na tezini. Ukikuta nyuzi, ipandishe boti, ikauke, umwite fundi. Na wewe unayekopesha boti au kuiongoza jumuiya ya wavuvi, toa mafunzo haya siku ile ile unayokabidhi funguo. Boti ikifa kabla ya deni kwisha, aliyekopa hubaki na deni bila chombo cha kulilipia.